Kununua Massey ya zamani Dodoma bila kupigwa: anza kukagua nyuma

Kama unataka trekta dogo la zamani kwa bei ya haki hapa kwetu Dodoma, cha kwanza kabisa usilitafute mwezi wa kumi na moja. Najua ndio mwezi ambao kila mtu anakumbuka trekta, mawingu yanaanza kujikusanya, kila mwenye heka kumi anapiga mahesabu, na dalali analijua hilo vizuri kuliko wewe. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, inaanza Desemba inaisha Aprili, kulima kote kunabanwa kwenye wiki chache, kwahiyo chuma chochote kinachowaka mwezi wa kumi na moja kinauzwa kwa bei ya shida ya mnunuzi. Njoo mwezi wa tatu mwishoni mpaka wa sita hivi. Watu wameshamaliza kulima, trekta limepaki chini ya mwarobaini, mahindi mapya bado hayajajaa soko la Kibaigwa, mwenye nalo ana madeni ya dizeli na spea ya msimu mzima, hapo ndio mnakaa kwenye kiti mnaongea taratibu. Na kuna faida nyingine watu hawaisemi, trekta lililotoka shambani juzi linaonyesha vidonda vyake vyote, mafuta yanavuja pale yanapovuja, tope limekauka pale ilipopasuka, hakuna aliyewahi kulipiga rangi. Rangi nyekundu zinapigwa mwezi wa kumi.

Agosti pia ina kazi yake. Nenda Nanenane pale Nzuguni, zunguka kwenye mabanda ya wauza matrekta, ulizia bei ya trekta jipya dogo la farasi 45 mpaka 50, taslimu na kwa mkopo. Huendi kununua, unaenda kuchukua dari ya bei. Mtu akija kukutajia bei ya Massey iliyozaliwa kabla ya baba yako kuoa, unajua iko hatua ngapi kutoka jipya, na ukikuta imekaribia sana unaaga kwa heshima unaondoka.

Haya, tunazungumzia matrekta gani? Kwa huku kwetu ukisema trekta dogo la zamani, mara tisa kwa kumi unasema Massey Ferguson. MF 135 ndio maarufu zaidi, lilitengenezwa Coventry Uingereza kuanzia 1964 mpaka katikati ya miaka ya 70, injini Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, nguvu kama farasi 45. Kabla yake kulikuwa na MF 35, na baadae likaja MF 240 ambalo kwa kweli ni 135 iliyobadilishwa nguo, injini ni ileile ya familia moja, na Wapakistani kupitia Millat wameendelea kulitengeneza miaka mingi. Hiyo ndio sababu kubwa ya mimi kumwambia mtu achukue Massey hata kama kuna kitu kingine kizuri zaidi pembeni: spea. Ringi, slivu, klachi pleti, sili, vyote utavipata, ukikosa mjini Dodoma unapiga simu Kariakoo kesho yake vinakuja na basi. Ford 3000 nalo ni chuma, silinda tatu, roho ngumu, wengine wanalipenda kuliko Massey, ila spea zake huku utazitafuta zaidi na fundi anayelijua vizuri sio kila kijiji yupo.

Kwa MF 35 kuna kitu cha kuangalia. Yapo ya silinda tatu ya Perkins na yapo ya mwanzo ya silinda nne, haya ya silinda nne yanajulikana dunia nzima kwa ugumu wa kuwaka likiwa la baridi. Hesabu nozeli, vile vinavyonyunyizia dizeli kwenye silinda. Zikiwa nne, shukuru, kunywa maji uliyopewa, nenda nyumbani.

Vitrekta vya Kijapani vya mtumba, Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura, vinavutia sana, vina foo wili, vina rotaveta nyuma, vidogo vizuri. Kwa mtu wa mpunga Bahi sina ugomvi naye. Ila kama unataka kupasua ardhi ngumu ya Kongwa au Chamwino kwa plau ya diski, utakiua. Halafu vingi viliuzwa Japani tu, hata kitabu cha spea ni Kijapani, pampu ikifa unaanza kutafuta ndugu aliyeko Osaka.

Na kuhusu udongo wetu niseme kidogo maana watu wanachukulia poa. Waingereza walikuja Kongwa 1947 na ule mradi wa karanga, wakaleta mitambo mingi ambayo mingine ilikuwa mitumba ya jeshi iliyobaki baada ya vita, walisomba hata kutoka Ufilipino huko, ardhi ikikauka baada ya mvua inageuka zege, vyuma vikavunjika hovyo, na kufikia Januari 1951 wakautupa mradi wote. Walikuwa na hela ya serikali nzima wale. Wewe na MF 135 yako usifunge diski tatu za inchi 26 ukaingia nazo kwenye mbuga nyeusi iliyokauka. Diski mbili ndio saizi yake, tatu labda kwenye kichanga chepesi na mvua imeshalowanisha. Trekta dogo lililofanyishwa kazi ya trekta kubwa kama MF 290 kwa miaka linakuwa limekufa nyuma hata kama mbele linaunguruma vizuri.

Hapo ndio nilipokuwa nataka tufike. Wanunuzi karibu wote wakifika wanaenda mbele, wanafungua boneti, wanasikiliza injini, wanatikisa kichwa kama madaktari. Mimi nasema anza nyuma. Injini ya Perkins silinda tatu ikifa inafunguliwa chini ya mti, inawekwa slivu na ringi mpya, beringi, gasketi, inarudi kazini, mafundi wake wapo mpaka vijijini, na gharama yake unaweza kuijua kabla hujaanza. Lakini gea boksi, difu (gia za ekseli ya nyuma) na haidroliki ya kunyanyulia plau ni habari nyingine, pale trekta linakatwa katikati, fundi anayejua kweli ni wa kutafuta kwa tochi, spea moja inaficha nyingine mbovu nyuma yake, na bili haina mwisho. Kwahiyo trekta lenye injini iliyochoka na nyuma nzima linaweza kuwa dili zuri sana kwa bei ya chini. Lenye injini tamu na nyuma mbovu ni mtego, na ndilo linalouzwa zaidi, kwasababu muuzaji anajua wewe utasikiliza injini. Mnadani Msalato hakuna mtu anayenunua dume kwa kuangalia rangi ya ngozi, anashika mgongo, analitembeza, anaangalia kwato.

Sasa unakaguaje nyuma. Omba wafunge plau, au kama plau haipo tafuta mzigo wowote wa maana, magunia juu ya ubao uliofungwa kwenye mikono ya lifti, chochote cha kilo mia mbili tatu. Usipime haidroliki tupu, mikono mitupu hata trekta bovu inanyanyua. Na usipime likiwa la baridi. Mafuta ya baridi ni mazito yanaficha uvujaji, yakipata moto yanakuwa mepesi na ukweli unatoka, kwahiyo mwambie mwenye nalo tulizungushe kwanza nusu saa, tulime hata mistari miwili mitatu. Halafu nyanyua plau, acha injini iungurume taratibu, kaa uangalie. Plau ikitulia juu, safi. Ikianza kucheza juu chini juu chini, inashuka kidogo inajivuta tena, ndani kuna sehemu mafuta yanapita, inaweza kuwa sili ya silinda ya lifti au valvu. Zima injini uangalie inashuka kwa kasi gani: ikishuka taratibu kwa dakika kadhaa usijali, ni trekta la miaka hamsini, lakini ikianguka pwaa kabla hujamaliza kushuka kwenye siti, andika kwenye daftari. Pampu ya haidroliki ya Massey hizi iko ndani kabisa ya tumbo, imezama kwenye mafuta, sio kitu cha kufungua nje na spana mbili. Na wakikuambia "hiyo ni mafuta tu yamepungua" sema sawa, ongezeni sasa hivi tupime tena. Wengi ghafla hawana mafuta.

Vuta kipimo cha mafuta ya nyuma. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, aidha limelala nje miaka au mpira wa kwenye gia umechanika na mvua inaingia. Paka kidogo vidoleni usugue juani, ukiona vimeremeta vya chuma vingi, gia zinasagana huko ndani.

Kisha liendeshe. Wewe mwenyewe au fundi wako, usikubali kuendeshewa, dereva wa muuzaji anajua gia ipi asiiguse. Pita gia zote, moja moja, na tafuta kamteremko, ushuke umeachia mafuta bila kugusa kijiti, gia ikijichomoa yenyewe ujue meno yamekwisha. Sikiliza nyuma likiwa linavuta mzigo: mlio wa kulia kama king'ora unaopanda na spidi ni krauni na pinioni, zile gia kuu za difu, na hapo kwangu mazungumzo yanaisha.

MF 135 nyingine zina kitu kinaitwa Multi-Power, ni kikono kidogo kwenye dashibodi kinachobadili mwendo wa juu na wa chini bila kukanyaga klachi. Kikiwa kizima ni raha. Kikichoka, ukiweka juu trekta linateleza, injini inakimbia lakini magurudumu hayasogei kwa nguvu, hasa kwenye mlima na mafuta yakiwa ya moto. Na hata kikiwa kizima kuna hatari ambayo kila anayeinunua lazima aijue, ukiwa kwenye mwendo wa chini injini haikushiki mteremkoni, trekta linakimbia huru kama umeweka fri. Ukiwa na tela la matofali unashuka milima ya Mpwapwa, hilo linaua. Panda umeweka chochote, kushuka weka juu na uanze kushuka kwenye gia ndogo. Mimi ukiniuliza, bora ile ya gia sita isiyo na Multi-Power, ina vitu vichache vya kuharibika.

Klachi. Nyingi zina klachi mbili kwenye pedali moja. Washa PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, kanyaga pedali nusu, trekta lisimame huku shafti ya PTO inaendelea kuzunguka, kanyaga mpaka chini na PTO isimame. Vikichanganyikana, aidha ni kurekebisha au ni klachi nzima, na kuibadilisha lazima trekta likatwe. Uliza kama modeli hiyo ina klachi moja tu kabla hujalaumu, zipo.

Breki angalia ndani ya magurudumu makubwa. Ukiona weusi wa mafuta umeshika vumbi kuzunguka ngoma, sili za hafushafti, zile shafti za magurudumu ya nyuma, zimekufa na mafuta yanaingia kwenye breki. Pima kila pedali peke yake likiwa linatembea polepole, kushoto likate kushoto, kulia likate kulia. Trekta lisilo na breki ya upande mmoja watu wanalilimia tu wanasema shambani hakuna haja, mpaka siku limebeba tela.

Mwisho wa nyuma, jilaze chini. Kabisa, beba hata kanga ya kulalia. Tafuta mipasuko na weldi kwenye tumbo la trekta, pale gea boksi inapokutana na injini, kwenye mikono ya hafushafti. Weldi kwenye mkono wa lifti ni kawaida sina shida nayo. Weldi kwenye kasha la chuma cha kusubu ni ya kutilia shaka sana, na rangi mpya nene sehemu moja tu ndio ya kukwaruza na ufunguo, ukiomba ruhusa.

Twende mbele sasa, haraka kidogo. Ukifika tu, kabla hata ya salamu kwisha, weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto, walishaliwasha asubuhi kabla hujaja, na injini ya dizeli iliyochoka inajisaliti wakati wa kuwaka ikiwa baridi. Wambie utarudi kesho asubuhi saa moja na wasiliwashe. Perkins nzima kwa joto la Dodoma inawaka mara ya kwanza au ya pili, bila kumwagiwa petroli kwenye eya klina, bila kusukumwa, bila kuvutwa na Fuso.

Moshi: wa bluu ni oili inaungua, ringi au slivu, utakuwa unaongeza oili kila siku. Mweusi ukiwa unavuta mzigo mzito kidogo tu ni kawaida, ukiwa mwingi muda wote ni nozeli, pampu, au hewa haipiti. Mweupe usioisha hata likipata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanaingia ndani. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inatembea, ikiwa inapumua moshi kwa kusukuma kama treni, kompresheni inavuja chini. Vuta dipstiki. Oili imekuwa maziwa, gasketi au bloku. Oili imezidi kipimo na inanuka dizeli, mara nyingi ni ile pampu ndogo ya kuvuta dizeli, kiwambo chake kimetoboka kinamwaga ndani ya oili, na hiki kitu ni cha bei rahisi kurekebisha lakini kama wamekitembelea hivyo muda mrefu beringi zimeshalika. Rejeta fungua likiwa baridi, utando wa oili juu ya maji sio dalili nzuri, na mapovu yanayotoka mfululizo injini ikiwaka ni gasketi ya silinda hedi.

Halafu kitu kinachonishangaza watu wa huku hawakikagui, eya klina. Sisi tunalima kwenye vumbi, ukipasua ardhi kavu hata tochi haipenyi. Massey hizi zina eya klina ya bakuli la oili, hewa inapita kwenye oili vumbi linabaki humo. Fungua lile bakuli chini. Ukikuta oili safi, mwenye trekta ni mtu wa kujali, na huyo mtu alijali na mengine. Ukikuta tope kavu, au bakuli halipo kabisa na bomba limezibwa na gunia, basi injini imekunywa mchanga misimu mingi, na hata kama leo inaunguruma vizuri weka hesabu ya ovaholi. Bakuli hilo linakuambia tabia ya mwenye mali kuliko maneno yake yote.

Geji ya masaa usiiamini. Kebo inakatika mwaka wa tatu haifungwi tena. Angalia pedali zimelika kiasi gani, matundu ya kufungia tela yamepanuka mpaka wapi, mipira ya mikono ya lifti inacheza kiasi gani.

Gurudumu la mbele linyanyue kwa jeki ulitikise, kingipini na bushi zikiwa zimekwisha utaona. Stelingi ikizunguka robo nzima kabla magurudumu hayajasogea, boksi imechoka. Hivi ni vya kurekebishika, ni vya kupunguza bei tu. Tairi ndio hela: 135 za kawaida zinatumia 12.4-28 nyuma na 6.00-16 mbele, na jozi ya nyuma mpya ni moja ya gharama kubwa kuliko zote utakazokutana nazo. Meno yakiwa yapo lakini pembeni tairi imepasuka nyufa za jua, hesabu kama haipo. Watu wengine wanajaza maji kwenye tairi za nyuma kuongeza uzito, sawa, ila angalia rimu karibu na valvu kama haijaliwa na kutu.

Sasa bei, na hapa ndio unahitaji daftari lako. Bei ya haki haitoki kwenye kichwa cha dalali wala kwenye mwaka wa trekta. Inatoka hivi: chukua bei ambayo trekta la aina hiyohiyo, zima, linafanya kazi, limeuzwa kweli karibuni maeneo yenu, Kongwa, Kiteto, Gairo, Babati, uliza waliouziana sio wanaouza. Toa gharama ya kila ulichokiandika, kwa bei za dukani ulizopigia simu siku hiyohiyo. Toa na usafiri. Tuseme, na hizi ni namba za kujifunzia tu usije ukanishika nazo, zima linakwenda milioni 13. Hili unaloliangalia linataka tairi mbili za nyuma 1,800,000, klachi 600,000, kusafisha pampu na nozeli 500,000, sili za haidroliki 400,000, ufundi 500,000, lobedi ya kulileta 600,000. Jumla 4,400,000. Kwahiyo kwako wewe trekta hili ni milioni 8.6, hiyo ni juu kabisa, na unaanza kuongea kwenye 7, maana kuna kitu kimoja au viwili hujaviona na vitajitokeza Januari katikati ya shamba. Muuzaji alisema 14? Alisema. Mwonyeshe daftari. Mtu akisikia "ghali sana punguza" anapunguza laki mbili za heshima, lakini akiona orodha yenye bei za dukani anabishana na orodha, wewe umekaa pembeni.

Na kuongea kwenyewe kuna adabu yake. Kama ni mzee wa Kigogo nyumbani kwake, shikamoo kwanza, mbukwenyi ukiijua, kaa, uliza mvua, uliza mifugo, usianze kumsema trekta lake mbele ya wajukuu. Kasoro zitaje kama maswali: "Mzee, hii plau inashuka yenyewe tangu lini?" Mara nyingi atakuambia ukweli wote mwenyewe, "aa mwanangu hiyo tangu mwaka juzi", na hapo bei imeshashuka bila kelele. Dalali muache nje ya kikao, malipo yake myajue mapema na nani anamlipa, la sivyo yatajificha ndani ya bei.

Kabla ya kukubali piga hesabu nyingine, itakuuma lakini piga. Trekta la diski mbili kwenye ardhi yetu linalima heka nne hivi kwa siku, na linakunywa lita sita mpaka kumi kwa heka kutegemea ugumu. Tuseme unalimia watu kwa 50,000 heka, dizeli lita 8 kwa shilingi 3,000 ni 24,000, dereva 5,000, grisi na oili na pancha 3,000, unabaki na 18,000. Siku thelathini za kulima kweli, heka 120, ni milioni mbili na laki moja na sitini kwa msimu, na hapo hakuna kitu kilichovunjika. Kwahiyo anayekuambia trekta la milioni 13 litarudisha hela msimu mmoja kwa kulimia watu anakudanganya. Linalipa kama una heka zako mwenyewe za alizeti, mtama au mahindi za kulima kwa wakati, likitoka hapo linavuta tela la maji, la kuni, la matofali, PTO inazungusha mashine ya kupukuchulia, mwaka mzima linafanya kazi. Kama huna tela, omba liingie kwenye bei, tela na plau kuukuu mara nyingi vimelala nyuma ya nyumba na mzee hana kazi navyo tena.

Karatasi. Kadi ya usajili iwepo, halisi, jina la anayeuza. Namba ya chesisi kwenye kibati na namba ya injini kwenye bloku zilingane na kadi, na kibati kisiwe na ribiti mpya zinazong'aa kwenye trekta la mwaka 1970. Injini kubadilishwa sio dhambi ila iwe imeandikwa. Kama kadi iko benki au kwa waliomkopesha, msilipane mkononi, nendeni wote mpaka kwa mkopeshaji, deni lilipwe pale, kadi itoke pale. Kama mwenye jina ameshafariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, sio mtoto mkubwa tu kwasababu ana funguo. Trekta la kikundi au la ushirika, taka muhtasari wa kikao wenye sahihi. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, mke au mume wa muuzaji awepo asaini kama shahidi, hela ipite benki, na humohumo muandike nani analipa gharama za kuhamisha umiliki TRA. Uhamishe wiki hiyohiyo, ukichelewa mwaka utakuja kutafuta sahihi ya mtu aliyehamia Katavi.

Kulileta nyumbani, hata kama linatembea, lipakie. Babati mpaka Dodoma ni kama kilomita 250, trekta la tairi zenye nyufa na beringi usizozijua ukilitembeza lami siku nzima linafika limechoka zaidi ya msimu. Na likifika usiingie nalo shambani. Mwaga oili ya injini, badili filta, mwaga ya nyuma, osha bakuli la eya klina uweke oili mpya, badili filta za dizeli na uchuje tangi maana chini kuna kutu na mchanga wa miaka, piga grisi kwenye kila kichuchu cha grisi mpaka itoke mpya. Iyo oili chafu uliyomwaga ichuje kwenye kitambaa cheupe uangalie kilichobaki juu yake, halafu ndio ufunge plau.